Nakala ya Akiba Ilikuwa Likoni

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala hitilafu ya seva ya kulalamikia. Nataka kuwasimulia jinsi mimi, mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, ninayelipwa kuwakumbusha wateja wahifadhi nakala za akiba za data zao, nilivyopoteza kitu nikipendacho kwa sababu kilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya chupa ya siagi ya njugu, nyuma ya friji yangu, Kisauni.

Kitu chenyewe ni hamira ya bia.

Ndiyo, bia. Miaka minne sasa napika bia nyumbani, na si ile mnayoijua ya baa. Yangu ni chungu, ina hopsi nyingi kupita kiasi, ile wazungu huiita IPA. Wasioijua hopsi: ni maua ya mmea utambaao, wa ukoo mmoja na bangi, lakini msinishtaki, hayalewesha kwa namna ile. Ukiyachemsha kwa saa nzima yanatoa uchungu. Ukiyatia mwisho wa kuchemsha, au bia ikishapoa, yanatoa harufu: machungwa, embe, pera, kulingana na aina. Mimi hutia gramu 200 kwa lita 20. Rafiki yangu mmoja alipoonja mara ya kwanza aliniuliza kama nimepika mwarobaini.

Hopsi hazitupendi sisi watu wa Pwani. Mmea ule unataka siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na ikweta ndipo utoe maua vizuri, na sisi Mombasa tuko digrii 4 tu kusini, mchana wetu ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Kwa hiyo zangu huja ndani ya mabegi ya jamaa wanaorudi kutoka ughaibuni, pakiti zilizonyonywa hewa. Kimea cha shayiri huja kwa basi kutoka Nairobi. Kimea cha wimbi nanunua soko la Kongowea, kwa akina mama wanaowauzia wapishi wa busaa. Sufuria niliinunua kuukuu kwa mpishi wa biriani za harusi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, basi nanunua ya mtungi. Hayo yote yana dawa. Kisicho na dawa kilikuwa joto.

Nieleze kidogo. Kazi ya kugeuza maji matamu ya kimea yawe bia haifanywi na mpishi, inafanywa na hamira. Hamira nyingi za bia ya namna yangu zinataka digrii 18 hadi 22. Chumba changu kiko chini ya mabati. Mwezi wa Machi kipimajoto changu husoma 32 na mimi nikiwa nimesimama mbele ya feni. Hamira ikifanya kazi kwenye joto kama hilo hutoa harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Bia yangu ya kwanza niliimwaga yote. Ya pili niliiweka ndoo ndani ya beseni la maji, nikaifunika kwa kanga iliyoloa. Ya tatu nikawa naamka saa nane usiku kubadilisha chupa za barafu. Waandishi wa programu mnaijua hali hii: unaweka kiraka juu ya kiraka, na kila kiraka kinazaa hitilafu yake.

Jibu lilitoka Norwei, na lilitoka kwa mtu wa kazi yetu. Anaitwa Lars Marius Garshol, mhandisi wa programu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizunguka mashambani kwao akiandika jinsi wakulima wanavyopika bia ya nyumbani. Mwaka 2020 alitoa kitabu kizima kuhusu mbinu hizo za kale. Alikuta wazee wa magharibi ya Norwei wana hamira yao wenyewe, wanaiita kveik, waliyorithi kwa wazazi wao. Wanaitia kwenye bia ikiwa na joto la digrii 35 mpaka 40, joto ambalo kila kitabu kinasema litaharibu bia. Haiharibu. Bia inakuwa tayari kwa siku chache, na aina ya kijiji cha Voss inaacha harufu ya ganda la chungwa. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa jeni za hamira hizo, wakakuta ni kundi la pekee miongoni mwa hamira za bia duniani.

Kilichonigusa zaidi ni namna hamira hiyo ilivyoishi. Hapakuwa na maabara. Mtu aliikausha kwenye kitambaa au kwenye pete ya mti, akaitundika mpaka apike tena. Ikiharibika alienda kwa jirani kuomba, maana jirani naye aliwahi kupewa na yeye au na babake. Kila nyumba ilikuwa nakala ya akiba ya nyumba nyingine.

Mwenzangu tuliyesoma naye chuo yuko Bergen sasa. Alinitumia vipande vikavu ndani ya bahasha, vyembamba kama magamba ya samaki. Nikavitia kwenye maji ya kimea yenye joto, nikaenda kazini. Niliporudi jioni povu lilikuwa limesukuma kifuniko. Siku ya nne nilionja bia isiyo na harufu ya kucha. Nilicheka peke yangu. Miaka miwili nilikuwa nikipigana na joto la Mombasa, kumbe kuna hamira inayolitaka.

Nilipomsimulia mjomba wangu hakushangaa hata kidogo. Mjomba ni mgema, anapanda minazi huko Utange asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Tembo lake halitiwi hamira na mtu. Hamira iko hewani, iko kwenye karara, iko ndani ya kibuyu cha jana ambacho hakioshwi mpaka kikang'aa. Utomvu unaanza kuchacha ungali juu ya mti, kwenye jua lile lile. "Sasa wewe," akaniuliza, "umeagiza Ulaya kitu cha kuchachia kwenye joto?" Sikuwa na jibu. Lakini tembo lina shida yake: asubuhi tamu, jioni kali, keshokutwa siki, kwa sababu bakteria nao wamo kazini. Hopsi huzuia wengi wa bakteria wale wanaochachusha, ndiyo maana bia inadumu. Nilimwonjesha yangu. Akatema. "Dawa ya malaria," akasema, akarudi kwenye tembo lake.

Nisije nikajisifu bure. Bia yenye hopsi nyingi hudumu bila kuchacha, ila uzuri wake haudumu. Ile harufu ya maembe inaanza kupotea baada ya wiki chache, na kwenye joto letu inapotea upesi zaidi. Ukipika lita 20 na uko peke yako, nusu yake utainywa ikiwa imeshakufa. Kwa hiyo kugawana si ukarimu. Kama ilivyo kwa tembo, kinywaji chenyewe kinakulazimisha utafute watu.

Watu wangu walikuwa wawili, na wote tunakaa bara, kila mmoja upande wake, kisiwa kikiwa katikati. Sitaandika majina, na mtaona sababu. Mmoja nitamwita Changamwe: ni dada mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, anaandika kila kitu kwenye jedwali mpaka joto la sufuria kwa kila dakika kumi. Mwingine nitamwita Mzee wa Likoni. Alikuwa mpishi wa meli, ameshuka Hamburg na Antwerp mara nyingi kuliko mimi nilivyoshuka Nairobi, na bia chungu alianza kuzinywa kabla sijazaliwa. Kila mwezi tulikutana kwa mmoja wetu, kila mtu na chupa zake, tunaonja na kuambiana ukweli. Kwa wanaojua kazi yetu: ni kukaguliana msimbo, ila kwa glasi.

Kuhusu sheria, sitajifanya sijui. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na kwa anayeuza, na leseni hizo siku hizi ziko mikononi mwa kaunti. Marekani walishamruhusu mtu kujipikia bia nyumbani tangu 1979, Uingereza hata kabla ya hapo. Kwetu ndoo yangu haina kifungu chake. Hatuuzi hata tone, lakini sitawadanganya kwamba kutouza kunamaliza swali. Changamwe anasema mradi wake wa mwakani ni kuzifuata hizo fomu. Mpaka hapo, majina hamtayapata.

Hamira ya Norwei niliwagawia wote wawili, kijiko kimoja kimoja. Sikufikiria akiba wala nini. Nilikuwa naringa.

Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia.

Habari zilienea. Wenzangu wa ofisini wakataka kuonja, na wao wakaleta wenzao. Kila aliyeonja alinisifu, na mimi nikazoea. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, ilikuwa zamu yangu kukaribisha, na badala ya watatu wakaja kumi na mbili. Hopsi zilikuwa zimenibakia gramu 100 tu. Nikatia hizo hizo. Bia ikatoka lita 16, nikaona haitatosha. Siku ya kufunga chupa nikaongeza lita nne za maji ya mtungi, nikakoroga. Ndugu zangu, mtu anayepika bia akisoma sentensi hiyo atashika kichwa. Maji yale yanaingiza hewa, na hewa ndiyo adui wa kwanza wa hopsi. Harufu inakufa, inabakia kitu kama karatasi ya boksi iliyoloa. Nilijua. Nilisema hawatatambua.

Na kweli hawakutambua. Wageni wote walisifu. Changamwe alinyamaza, akaangalia chini. Mzee wa Likoni alionja mara moja, akaweka glasi mezani, akasema maneno mawili tu:

"Mgema amesifiwa."

Hakumalizia. Hakuna mtu wa Pwani anayehitaji kumaliziwa methali hiyo. Chumba kizima kilisikia tembo likitiwa maji. Watu wakacheka. Nami, mbele ya wageni, nikamwambia mtu wa umri wa babangu, "Mzee, wewe kaa na meli zako. Hii ni sayansi."

Hakujibu. Alichukua kofia yake, akaaga watu mmoja mmoja, akaenda kuiwahi feri. Tangu siku hiyo hakupiga simu, na mimi sikupiga. Mwezi wa kwanza nilikuwa na hasira. Mwezi wa pili nilikuwa na haya. Mwezi wa tatu nilishazoea kutopiga, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mikutano nayo ikafa, kwa sababu Changamwe alisema hawezi kuwa daraja kati ya watu wawili wasiosemezana.

Novemba mamangu akaja kutoka Kaloleni kukaa nami wiki moja. Mama hanywi, na pombe ya nyumbani anaiogopa. Anakumbuka vizuri Novemba ya mwaka 2000, redio ilivyokuwa ikihesabu maiti za Mukuru kwa Njenga, watu zaidi ya 100 waliouawa na ile pombe iliyoitwa kumikumi. Nimemweleza mara nyingi kwamba kilichowaua ni methanoli, na kwamba nafaka ikichacha kwenye ndoo kama yangu haitoi sumu ya kiasi hicho. Husikiliza, kisha huniambia, "Nao walielezwa, baba."

Siku ya tatu nikarudi kazini nikakuta nyumba inanukia sabuni. Friji inang'aa. "Nimekuoshea," akasema. "Na ule uji wako uliochacha nimeumwaga. Mwanangu, wewe ungekufa peke yako humu."

Ile chupa ya siagi ya njugu ilikuwa imepinduliwa kwenye kamba ya vyombo, safi, inameta.

Sikumkaripia. Angejuaje? Sikuwa nimeandika chochote juu yake. Ukiniuliza kazini, nitakuambia kwa sauti ya mwalimu: data iliyo sehemu moja ni data uliyokwisha kuipoteza, ila hujaarifiwa. Mimi niliarifiwa na mama, akiwa amevaa leso, ananiuliza nitakula wali au sima.

Nilimwandikia mwenzangu wa Bergen, akajibu kwamba aliyempa amehama. Changamwe naye alikuwa ameacha yake ikaingia ukungu. Ni kweli ziko hamira za namna hiyo zinazouzwa na viwanda, kavu, kwa pakiti. Lakini yangu nilishapika nayo mara zaidi ya thelathini kwenye joto la Kisauni, kila mara nikihifadhi iliyofanya vizuri. Nilikuwa naijua kama unavyojua msimbo ulioandika mwenyewe. Ilibakia nyumba moja tu.

Jumamosi nilipanda matatu mpaka mjini, nikashuka kwenye feri. Anayevuka kwa miguu halipi, na bado siku hiyo niliona nauli ni kubwa. Mkononi nilikuwa na kilo mbili za kimea na pakiti ya hopsi niliyokuwa nikiificha tangu Juni, kwa sababu huendi kwa mtu mzima mikono mitupu, hasa ukiwa umemkosea.

Mzee alinifungulia mlango, akanitazama. "Kaa kwanza," akasema. "Kuna chai."

Tulikunywa chai. Niliongea kuhusu foleni ya feri, kuhusu mvua. Mwishowe nikasema, "Mzee, nilikukosea. Mbele ya watu."

"Uliikosea bia kwanza," akajibu. "Mimi nilifuata."

Kisha nikamweleza habari ya mama na chupa. Nilidhani atacheka. Aliinuka, akafungua friji, juu kabisa kule kwenye barafu, akatoa bahasha mbili za kaki. Ndani, vipande vikavu, vyembamba kama magamba ya samaki. Nje ya kila bahasha aliandika kwa kalamu ya wino: "Hamira ya kijana, Kisauni," na tarehe. Moja ilikuwa ya Mei. Ya pili ilikuwa ya Septemba.

Agosti nilimtukana, na Septemba aliikausha upya hamira yangu, akaiandika jina langu.

Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Miaka ishirini na mitatu nimeokea watu mkate baharini. Hamira ikifa katikati ya maji hakuna duka. Unaweka mbili, na hazikai kabati moja." Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikuwa na sauti ya kuuliza zaidi.

Njiani kurudi, nikiwa nimesimama feri na bahasha moja mfuko wa shati, nilikumbuka maneno ya Richard Stallman ambayo kila mtu wa programu huria anayajua. Anapoeleza programu huru, huwaonya wasemao Kiingereza wasifikirie bia ya bure, maana kwa lugha yao neno la "huru" na neno la "bure" ni moja. Sisi Waswahili hatuna shida hiyo, tuna maneno mawili. Mwaka 2004 wanafunzi wa chuo cha teknolojia ya habari Copenhagen walilichukua lile onyo kwa utani, wakatengeneza bia ambayo mapishi yake yako wazi chini ya leseni ya Creative Commons, yeyote anakili. Wazo zuri. Lakini mapishi ni maandishi, na maandishi yangu yote nilikuwa nayo, yako kwenye seva tatu. Kilichopotea hakikuwa maandishi. Kilikuwa kitu hai, ambacho hakinakiliwi kwa waya, kinapita kutoka mkono wa mtu hadi mkono wa mtu. Na kama umegombana na mtu, basi njia ya kunakili imekatika, hata ukiwa na intaneti ya kasi namna gani.

Nilichokuwa nacho ni kile tu nilichokitoa. Chupa niliyojiwekea mwenyewe ilimwagwa, kijiko nilichompa mtu kwa kuringa ndicho kilichonirudia.

Nilivunja vipande viwili kwenye maji ya kimea ya digrii 35, saa moja usiku. Nililala vibaya. Asubuhi kimya. Jioni niliporudi, povu, na harufu ya ganda la chungwa mpaka mlangoni. Mama alikuwa bado yuko. Alisimama juu ya ile chupa kwa muda, akanusa.

"Hii ni hamira tu," akasema, kama aliyedanganywa miaka yote.

"Ni hamira tu, mama."

Akachota kijiko, akaumulia mahamri. Yalichelewa kuumuka kuliko ya hamira ya dukani, yalihitaji usiku kucha, lakini yaliumuka. Tuliyala na mbaazi, na yalikuwa na uchungu kwa mbali, ambao mama alisema ni wa kwangu mimi.

Sasa utaratibu wetu ni huu. Kila anayepika anakausha kidogo, anaandika tarehe, anawapa wengine. Hakuna kuongeza maji. Anayeonja anasema ukweli hata kuwe na wageni, na aliyepika anajibu "asante" kabla ya kujibu lingine lolote. Mwezi uliopita Mzee alionja yangu mpya, gramu 200 kamili, akakaa nayo muda mrefu. "Imekaribia," akasema. Sifa hiyo inanitosha mwaka mzima.

Nakala ziko nne: Kisauni, Changamwe, Likoni, na moja Kaloleni, ndani ya kopo la majani ya chai la mama. Kopo lina karatasi, na karatasi ina mwandiko wake mwenyewe, kwa herufi kubwa: USIMWAGE.